Makosa ya wanyama kwenye katuni: yapi ya kuwasahihishia watoto wa P.5 hadi P.7?

Mwl_Masindi

Salaam wakuu. Naandaa vipindi vya filamu vya klabu ya wanyamapori, shule ya msingi, wilaya ya Masindi, Uganda. Watoto ni kama 60, P.5 hadi P.7 (darasa la tano hadi la saba). Vifaa: projekta, spika moja, umeme wa sola. Filamu zilizopo ni The Lion King ya 1994, Bee Movie, A Bug's Life, Finding Nemo, Madagascar na Tarzan ya 1999.

Najua mnyama kuongea na kuimba si kosa, huo ni utaratibu wa katuni na watoto wanauelewa. Ninachotafuta ni yale makosa ambayo mtoto anaondoka nayo akidhani ni elimu. Hawa wanaishi katikati ya msitu wa Budongo na mbuga ya Murchison Falls, halafu habari za fisi wanazipata kwa mchoraji wa California. Naomba kwa kila filamu mniambie kosa zito ni lipi na ukweli wake ni upi, na namna ya kulionyesha darasani bila kuharibu utamu wa filamu. Sitaki orodha ya makosa mia.

---

Savana_Kasese

Mwalimu, anza na The Lion King kwa sababu ndiyo inayogusa wanyama wa kwetu.

Makosa ya ramani nayapitia haraka. Majina ni ya Kiswahili, mandhari ni ya mbuga za huku, lakini Timon ni mirikati, ndugu wa nguchiro anayeishi kusini mwa Afrika tu: Botswana, Namibia, Afrika Kusini na kipande cha Angola. Rafiki, yule mzee mganga wa filamu, ana uso wa mandrili, jamii ya nyani wa misitu ya Kameruni, Gabon na majirani zao, tena kapewa mkia mrefu wakati mandrili ana kijikia kifupi tu. Wale sisimizi waliobeba majani kwenye wimbo wa kwanza hawapatikani nje ya Amerika. Wape watoto ramani tupu ya Afrika na penseli, waweke kila mnyama kwao. Mirikati umbadilishe na nguchiro wenye miraba wa Mweya, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, ambao watafiti wanawafuatilia tangu miaka ya 1990. Hao nao wanaishi kwa makundi na wanalea watoto kwa kusaidiana.

Kosa zito ni fisi. Filamu inamfanya mwizi, mjinga, mla makombo anayengoja simba amshibishe. Hans Kruuk alipowachunguza fisi madoa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, aliwafuata usiku, na alichokuta ni kwamba sehemu kubwa ya chakula chao wanaiwinda wenyewe. Kule Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyefika baadaye na kumnyang'anya fisi nyama yake. Mtu anayepita asubuhi anamkuta simba amekaa juu ya mzoga na fisi wamezunguka pembeni, basi anasoma hadithi kinyume.

Halafu utawala. Katika ukoo wa fisi madoa jike ni mkubwa kuliko dume na ndiye anayeongoza. Mtoto anarithi cheo cha mama yake. Dume akikomaa anahama, na akipokelewa ukoo mwingine anaanza chini kabisa, nyuma ya majike na watoto wao. Hapa filamu imepatia jambo moja: Shenzi, kiongozi wa wale watatu, ni jike. Lakini wote wanampigia magoti Scar, yule simba mbaya wa filamu, dume tena wa jamii nyingine. Na kile kicheko si furaha wala upumbavu. Fisi hukitoa anapofukuzwa, anapong'atwa au anapogombania nyama na kuzidiwa. Ukitaka sauti ya kuwasikilizisha watoto, tafuta ule mwito mrefu wa "uuuu-uup" unaopanda mwishoni. Huo unasafiri kilomita kadhaa na ndio wanaotumia kuitana.

Usilione hili kuwa dogo. Mtoto aliyelelewa kumdharau fisi ndiye mfugaji wa kesho anayetia sumu kwenye mzoga, na sumu haichagui. Tai wanaoshuka kula wanakufa, simba wanakufa. Aprili 2018 simba 11 walikufa kwa sumu Queen Elizabeth, 8 kati yao watoto.

Kuhusu simba wenyewe: kundi la simba ni la majike. Mama, binti, shangazi na watoto wao ndio wanaobaki kwenye ardhi ile vizazi na vizazi. Madume ni wageni, wanashika kundi kwa miaka miwili mitatu kisha wanaondolewa na wengine. Kila dume kijana hufukuzwa kwao akiwa na umri wa miaka 2 hadi 3, hivyo Simba, mhusika mkuu, angeondoka hata bila Scar, na asingerudi kuoa kundi alilozaliwa. Kama Mufasa, baba yake Simba, ndiye dume pekee aliyekuwa akizalisha pale, basi Nala, mchumba wa Simba, ni dada yake kwa baba. Na simba hakui kwa kula wadudu: dume mzima anahitaji wastani wa kilo 5 hadi 7 za nyama kwa siku. P.7 unaweza kuwaeleza kwamba dume mpya huua watoto wa dume aliyepita ili majike wapate mimba mapema. P.5 waache kwanza.

---

MzingaArua

Savana kagusa penyewe: angalia nani anaongoza. Hilo kosa moja linarudi karibu kila filamu uliyoitaja, mwalimu. Mchoraji anachukua familia ya watu, baba mkuu wa nyumba, mwana mrithi, anaivisha manyoya au mabawa. Ukilifahamu hilo huhitaji orodha.

Bee Movie ndiyo mfano mkubwa. Barry, nyuki mhusika mkuu, ni dume, na wale mashujaa wanaotoka kuchota chavua ni madume. Kwenye mzinga halisi hakuna dume hata mmoja anayefanya kazi hiyo. Watendakazi wote ni majike: wanaosafisha sega, wanaolisha majana (watoto wa nyuki), wanaojenga nta, walinzi wa mlango, na wale wanaoleta mbochi (maji matamu ya maua), chavua na maji. Dume hana kikapu cha chavua mguuni, ulimi wake mfupi, na hana mwiba. Mwiba wa nyuki umetokana na kiungo cha kutagia mayai, dume ataupata wapi? Kazi yake ni kupandana na malkia angani, na akifanikiwa anakufa hapohapo. Chakula kikipungua watendakazi wanawatoa nje.

Kuna jambo watoto wanalipenda sana: dume la nyuki halina baba. Malkia akitaga yai lisilorutubishwa linatoka dume. Lililorutubishwa linatoka jike. Kwa hiyo dume ana mama, ana babu upande wa mama, lakini baba hana. Barry kwenye filamu ana mama na baba, wanakaa mezani wote. Wachoree ukoo wa dume ubaoni: mzazi 1, babu na bibi 2, kizazi cha juu yake 3, kinachofuata 5. P.7 waendelee wenyewe, watafika 8 na 13. Kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia.

Kosa la pili liko mwishoni. Nyuki wanagoma, maua yote yanakauka, halafu wanaleta chavua ya mawaridi kutoka mji mwingine, wanainyunyiza, bustani nzima inarudi kijani. Makosa matatu kwa pamoja:

Mmea usiochavushwa haunyauki. Unakosa matunda na mbegu tu. Kinachonyausha ni ukosefu wa maji au ugonjwa.

Chavua ya waridi haizalishi mmea wa aina nyingine. Chavua ya mahindi haifanyi kazi kwenye boga.

Na si kila chakula kinamngoja nyuki. Fanyeni zoezi hili kwa sahani ya kwenu. Matoke: ndizi hutunga tunda bila kuchavushwa. Muhogo: unapandwa kwa vipande vya shina. Viazi vitamu: kwa mashina yake. Mahindi, mtama, ulezi, mchele: chavua yao husafiri kwa upepo au hujichavusha. Sasa upande wa pili: boga, tikitimaji na alizeti zinahitaji nyuki kwelikweli. Pasheni huchavushwa vizuri zaidi na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, hawa wadogo hawalifikii vizuri lile ua. Kahawa ya robusta haijirutubishi kwa chavua yake, lazima itoke mti mwingine, kwa upepo na wadudu. Vanila ya Mukono na Bundibugyo inachavushwa kwa mkono wa mtu, ua kwa ua, asubuhi, kwa kijiti, kwa sababu nyuki wake wa asili wako Meksiko. Mtoto akimaliza kujaza hiyo orodha anajua habari za nyuki kuliko filamu nzima ilivyomfundisha, na anaona kwamba bila nyuki tusingekufa njaa kesho yake, ila sahani ingekuwa na wanga mtupu.

Namna ya kuonyesha: mwombe mrina asali yeyote akuwekee nyuki waliokufa chini ya mzinga, watendakazi kumi na madume mawili matatu. Wabandike kwa gundi kwenye karatasi nyeupe, wape watoto lenzi. Dume ni mnene, tumbo lake butu nyuma, na macho ni makubwa mno hadi yanakutana juu ya kichwa. Mtendakazi ni mwembamba, macho yako kando, na mguu wa nyuma una sehemu pana iliyo bapa ya kubebea chavua. Wakishaona, rudisha picha ya Barry ukutani uulize: huyu ni yupi?

Tahadhari: usiwapeleke watoto kwenye mizinga mchana bila mavazi ya kinga. Nyuki wetu ni wakali, na akichoma mmoja hutoa harufu inayoita wenzake. Harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu, kwa hiyo hakuna kula ndizi karibu na mizinga. Moshi hufunika harufu hiyo, ndiyo maana mrina haendi bila kifukizo. Mtoto akichomwa, mwiba ukwanguliwe haraka kwa kucha, kuchelewa kutafuta kibano ni kuiacha sumu iendelee kuingia.

---

Wadudu_na_Shamba

Naongeza A Bug's Life kwa ufupi. Sisimizi wale wana viungo vinne, miguu miwili ya kusimamia na mikono miwili. Mdudu ana miguu sita, yote imeota kifuani. Simamisha picha, waambie wahesabu. Antz ya mwaka huohuo, 1998, iliwapa sita, lakini zote mbili zimemfanya sisimizi mtendakazi shujaa kuwa dume. Watendakazi wa sisimizi ni majike, kama walivyo wa nyuki.

Ila msiwafundishe kwamba kila mdudu wa kundi yuko hivyo. Mchwa ni tofauti kabisa. Kwenye kichuguu kuna malkia na mfalme, wanaishi pamoja miaka, na watendakazi ni wa jinsia zote mbili. Kumbikumbi wanaoruka baada ya mvua ni majike na madume, wakitua wanakatika mabawa na kwenda wawiliwawili kuanzisha kichuguu. Watoto wenu wanawakamata kila msimu, basi waambie wachunguze wale wawili wanaofuatana chini: wa mbele ni jike.

Na kama kuna mtu ataleta Barnyard ya 2006: yule mhusika mkuu ni dume na ana kiwele. Mtoto wa Ankole au Karamoja hatahitaji mwalimu hapo.

---

Nyanza_Samaki

Finding Nemo inafuata mkondo uleule wa baba na mwana. Wale samaki wa machungwa wenye mistari myeupe huzaliwa wote wakiwa madume. Kwenye anemoni moja (kiumbe wa baharini mwenye mikono laini inayochoma, ambamo samaki hawa hukaa) kuna jike mmoja, ndiye mkubwa kuliko wote, kisha dume lake, kisha wadogo wasiozaa. Jike akifa, dume lile hugeuka jike, na mdogo aliye mkubwa zaidi anapanda kuwa dume. Kwa hiyo mama akishaliwa mwanzoni mwa filamu, Marlin, baba yake Nemo, angekuwa njiani kuwa jike.

Kosa ambalo ni rahisi kwa P.5: Nemo asingekaa na baba yake. Yai hukaa wiki moja au kidogo zaidi likipepewa na dume, kisha mtoto akianguliwa anachukuliwa na maji, anaelea baharini siku kumi na kitu pamoja na viumbe vingine vidogo, halafu anatafuta anemoni inayomfaa. Wazazi hawamjui. Kulinda mayai kwa baba ni kweli, filamu imepatia. Kulea mtoto ndiyo imebuni.

Kwa watoto wa Uganda nisingeishia hapo. Nkejje na ngege wa maziwa yetu ni walezi wazuri kuliko Marlin: mama hubeba mayai mdomoni, vifaranga wakianguliwa wanakaa humohumo, na hata wakishaanza kuogelea wakiona hatari wanakimbilia mdomoni tena. Muda wote huo mama hali, au anakula kidogo sana. Mvuvi akikuta nkejje mwenye koo lililotuna ajue kuna mayai. Hilo ni somo wanaloweza kulithibitisha ufukweni.

Jambo dogo la ndege: mwari wa Sydney kwenye filamu kachorwa kama yule wa kahawia wa Amerika. Wa Australia ni mweupe na mweusi.

---

Msitu_Budongo

Tarzan, kwa vile mko Masindi. Sokwe mtu mnao mlangoni, sokwe wa milimani (gorila) wako Bwindi na Mgahinga, na filamu nyingi zinawachanganya. Mambo matatu tu.

Kujipiga kifua. Katuni zinaonyesha ngumi. Gorila hujipiga kwa viganja vilivyo wazi na kukunjwa kidogo kama kikombe, ndiyo maana sauti inatoka "pok-pok-pok" na kufika mbali msituni. Waambie watoto wajaribu kwa ngumi, kisha kwa kiganja kilichokunjwa. Tofauti wataisikia wenyewe.

Meno. Sokwe mtu wa katuni anayetabasamu kwa meno yote ya juu na chini ni sokwe anayeogopa. Akiwa anacheza anaachama mdomo, mara nyingi meno ya juu yamefunikwa na mdomo. Picha nyingi za zamani za sokwe "anayecheka" ni za mnyama mwenye hofu, na mtoto anayezijua alama hizi hatamsogelea.

Mkia. Sokwe hana. Kima na nyani wanao. Mchoraji akiweka mkia kwa sokwe, hesabu hiyo ni kosa bila mjadala.

Mbadala wa kijiti cha mchwa ambacho kila katuni inampa sokwe: jamii ya Sonso hapo Budongo, inayochunguzwa tangu 1990, haijulikani kwa vijiti vya kuvulia mchwa. Wao hutafuna majani wakayafanya sifongo la kunywea maji kwenye mashimo ya miti, na mwaka 2011 watafiti waliona wakianza kutumia mimea midogo laini ya kijani iitwayo moss kwa kazi hiyohiyo, na wengine wakaiga. Kila jamii ya sokwe ina desturi zake. Filamu zote zinamchora sokwe mmoja.

Kuna pia sauti. Filamu za zamani za msitu wa Afrika zimejaa kicheko cha ndege anayeitwa kookaburra, ambaye ni wa Australia. Cheza sauti ya furukombe wa Ziwa Albert badala yake, watoto wataitambua kabla hujamaliza.

---

Fizikia_Jinja

Si wanyama, lakini kwa kuwa mna ukuta na projekta, angalieni mwezi. Filamu zinazosema ziko Afrika Mashariki huchora mwezi mwandamo umesimama wima kama unavyoonekana London. Hapa kwetu karibu na ikweta mwezi mchanga wa magharibi hulala, pembe zote mbili juu. Masindi ni chini ya nyuzi 2 kaskazini, wataona wazi. Na nyota ndani ya pembe za mwezi haiwezekani, ile sehemu nyeusi ni mwezi wenyewe.

Kwa wanaopenda hesabu, Up ya 2009, filamu ya nyumba inayopaa kwa maputo: lita moja ya gesi ya heli huinua karibu gramu 1 usawa wa bahari, na kwa mwinuko wa Kampala ni pungufu kidogo. Puto la sentimita 28 lina kama lita 11, ukitoa uzito wa puto lenyewe inabaki gramu 8 hivi. Mtoto wa kilo 30 anahitaji maputo 3,750. Nyumba ya tani 40 inahitaji milioni 5. Wachoraji waliweka kama 20,000 pale inapong'oka, ambayo yangeinua kilo 160, yaani watu wazima wawili.

Na mkipita Kayabwe kwenye mstari wa ikweta, yale maji yanayozunguka upande huu na upande ule kwenye beseni hayasababishwi na mzunguko wa dunia. Katuni zimelieneza sana hilo. Mita chache kutoka ikweta nguvu hiyo ni karibu na sifuri. Maji yanazunguka kufuatana na yalivyomiminwa. Mwache mtoto amimine kutoka kulia, kisha kutoka kushoto.

---

Kibanda_Kawempe

Mwalimu, upande wa mitambo. Usicheze filamu nzima. Chagua kipande cha dakika 4 hadi 6, tena kata mapema kwenye kompyuta uhifadhi kama faili la pekee. Kutafuta dakika kwa rimoti mbele ya watoto 60 ni kupoteza darasa.

Fanya kama VJ anavyofanya, yule anayetafsiri filamu papo hapo kwenye vibanda vya video. Maikrofoni moja, mikisa ndogo yenye njia mbili: njia ya kwanza sauti ya filamu, ya pili yako. Ukisema, shusha ya filamu hadi robo, ukinyamaza ipandishe. Usiizime kabisa, watoto wanapoteza hisia. Kama huna mikisa, zungumza picha ikiwa imesimama tu.

Mpangilio unaofanya kazi: mara ya kwanza kipande kinachezwa chote bila neno. Wacheke, waimbe. Mara ya pili unasimamisha sehemu mbili au tatu, si zaidi, na kila unaposimamisha unauliza kabla ya kusema: miguu mingapi, nani anaongoza, huyu anaishi nchi gani. Ukisahihisha mara ya kwanza wanakuchukia wewe, si kosa.

Projekta ndogo inataka giza. Pazia za gunia zenye tabaka mbili zinatosha, na skrini iwe upande usiotazama mlango. Sola ikiwa ndogo, jumlisha wati za projekta, spika na kompyuta, zidisha kwa saa, kisha gawa na volti ya betri upate saa-ampea. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema.

---

Mwl_Masindi

Asanteni sana, wakuu. Nimepata njia: kila kipindi swali ni "nani anaongoza hapa?" na jibu linatafutwa. Nitaanza na fisi, kisha nyuki. Limebaki moja: filamu mpya ikija ambayo hakuna mtu kaijadili, naihakiki vipi? Na hizi zinazoitwa za kweli, zisizo za kuchora, naweza kuziamini? Madagascar pia hamjaigusa.

---

Savana_Kasese

Madagascar kwanza. Lemuri wenye mkia wa pete huongozwa na majike. Jike hula kwanza na dume humpisha, hivyo Mfalme Julien kama mtawala ni kosa lilelile. Na fosa, yule adui wao, ni mnyama halisi na kweli ndiye mwindaji mkubwa wa lemuri, ila hafiki kilo 10.

Filamu za kweli zihakiki kwa ukali zaidi, maana mtoto hana sababu ya kuzitilia shaka. White Wilderness ya 1958 ilipata tuzo ya Oscar. Ndimo mlimo na lemingi, wale panya wadogo wa nchi za baridi, wakijitupa majini kwa wingi. Kipande hicho kilipigwa Alberta, mahali ambapo hawaishi. Waliletwa kutoka Manitoba na kusukumwa. Televisheni ya Kanada ilifichua mwaka 1982, na bado watu wazima wengi wanaamini lemingi hujiua. Ukiona mnyama anafanya kitu cha ajabu kwa dakika mbili mfululizo, kamera ziko karibu na pande zote, uliza nani alimweka pale.

Namna ya kuhakiki: tazama peke yako ukiwa na daftari la safu nne. Dakika, kinachoonyeshwa, ni utaratibu wa katuni au dai kuhusu mnyama, ukweli na ulikoupata. Kuongea, kuvaa nguo, kulia machozi ni utaratibu, usiandike tena. Madai yapitishe kwenye maswali manne kwa mpangilio huu: anaishi wapi, anakula nini, nani anaongoza na nani analea, na mwili wake una viungo vingapi. Mahali huonekana kwenye ramani ya usambazaji ndani ya kitabu chochote cha mwongozo wa mamalia au ndege wa Afrika Mashariki, ni kazi ya dakika moja. Chakula na uongozi vinataka vyanzo viwili visivyonukuliana. Jambo usilolipata kwenye viwili, liache nje ya somo.

Kisha katika yote uliyoandika chagua mawili kwa kila filamu, moja la mnyama wanayeishi naye na moja la mnyama wa mbali. Kwa The Lion King ningechukua fisi na mirikati.